Nimehamia Mastodon wiki tatu, mbona kimya hivi? Jibu kwa dada wa Iringa

Swali: Kaka habari za kazi. Nina ukurasa wa ufugaji wa kuku wa kienyeji, wafuasi 14,000, nimewakusanya miaka sita. Mwezi uliopita akaunti ikafungwa siku tisa bila maelezo, ikarudi bila maelezo. Rafiki akanishauri nihamie mtandao wa kijamii wa Mastodon kwa sababu hauna bosi mmoja, akanipa na seva ndogo ya kujiunga. Leo wiki ya tatu, nina wafuasi saba na watatu hawajui Kiswahili. Naposti, kimya. Nimekosea wapi, au huku hakuna watu kama sisi? Na nikichoka naondokaje?

Jibu:

Dada yangu, huku Tanga tuko salama, na pole sana kwa zile siku tisa. Nazijua. Mimi ilinikuta mwaka 2021, mtandao mmoja mkubwa ulinifungia akaunti asubuhi nikiwa nataka kuwajibu watu walioniuliza mambo ya ruta, nikaandika kuomba maelezo nikajibiwa na mashine, nikaandika tena nikajibiwa na mashine ileile kwa maneno yaleyale, na ilipofunguliwa wiki mbili baadaye hakuna binadamu aliyeniambia nilikosa nini. Mpaka leo sijui. Kilichoniuma zaidi ni kwamba watu tuliozoeana nao miaka, tunaulizana mpaka habari za watoto, sikuwa na njia hata moja ya kuwapata nje ya ule mlango uliofungwa.

Mastodon nilihamia Novemba 2022. Elon Musk alikamilisha kuinunua Twitter tarehe 27 Oktoba mwaka ule kwa dola bilioni 44, watu wakaanza kufungasha, na ndani ya wiki chache Mastodon ikapita watumiaji milioni 2.5 kwa mwezi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Baada ya miezi michache wengi wakarudi walikotoka, na nikiangalia sababu walizokuwa wanasema ndo hizohizo unazosema wewe leo: kimya, hakuna watu, sielewi. Kwa hiyo nakujibu kama fundi mitandao, sawa, ila zaidi nakujibu kama mtu aliyekaa kwenye kimya hichohicho karibu miezi miwili kabla mambo hayajafunguka.

Tuanze na hicho kimya. Usidhani watu wamekuona wakakupuuza, hawajakuona kabisa. Huko ulikotoka kuna algoriti, mashine inayoichukua posti yako ya kifaranga inampelekea mtu wa Singida asiyekujua, ikiona ameipenda inawapelekea wengine mia, na hivo ndo ulipata hao 14,000. Mastodon hiyo mashine haipo. Ukurasa wa nyumbani unaonyesha posti za watu uliowafuata kwa kufuata saa tu, ya saivi juu, ya jana chini, basi. Asiyekufuata atakuona zaidi kama umeweka alama ya reli (#) ambayo yeye anaifuata, au kama mtu anayemfuata amekubusti, yaani amewasambazia wafuasi wake posti yako. Ni kama umehamia mtaa ambao hakuna dalali wa kupita akitangaza kwamba kuna mgeni. Wewe ndo unatoka, unabisha hodi, unajitambulisha, unakaa kwenye vibaraza vya watu.

Sasa hapo kuna jambo la kiufundi ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa na nahisi ndo limekubana wewe zaidi. Mastodon si sehemu moja. Ni seva maelfu, yaani kompyuta zinazotunza akaunti za watu, kila moja ina mwenyewe, na zinaongea zenyewe kwa zenyewe kama ambavyo laini yako ya mtandao mmoja inaipigia laini yangu ya mtandao mwingine na wala hatujiulizi nani ana mnara wa nani. Lugha wanayoongelea inaitwa ActivityPub, W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, waliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018. Ila, na hapa usikilize vizuri, seva yako haipokei posti za dunia nzima. Inapokea zaidi za watu ambao kuna mtu ndani ya seva hiyo anawafuata. Umejiunga kwenye seva ndogo ambayo labda ina watu thelathini na wote wanafuatilia mambo ya kompyuta, kwa hiyo ukitafuta #kuku pale unapata hewa, na unasema moyoni huku hakuna wafugaji. Mimi nilitafuta #Tanga nikiwa kwenye seva ya namna hiyo nikapata picha mbili za zamani, nikasononeka kweli, siku moja nikaja kuangalia kupitia mastodon.social ambayo ndo kubwa kuliko zote nikakuta watu kibao, posti za jana, za leo asubuhi. Walikuwepo muda wote. Seva yangu tu ilikuwa haijawahi kuwasikia.

Dawa yake ni ndogo. Ukipata anwani kamili ya mtu, ile yenye @ mbili, jina lake kwanza na seva yake baadaye, ichukue ilivyo uibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha seva yako. Seva itakwenda kumtafuta huko aliko, itamleta, umfuate, na kuanzia hapo posti zake zinaingia. Fanya hivo kwa watu thelathini, arobaini, utaona mtaa unaamka. Na alama za reli pia zinafuatwa zenyewe kama mtu, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, kwa hiyo fuata #kuku, fuata #ufugaji, fuata #Kiswahili, fuata #Tanzania na #Kenya. Alafu na wewe kila posti yako iweke alama mbili tatu, usione aibu, kule kwingine alama nyingi zinaonekana kama tangazo la biashara lakini huku ndo njia kuu ya kupatikana. Kutafuta kwa neno la kawaida kulikuja na toleo la 4.2 mwaka 2023, na hata hivo posti yako haitokei mpaka uwe umeruhusu mwenyewe kwenye mipangilio. Nenda karuhusu.

Jambo jingine dogo ambalo watu wetu karibu wote wanalikosa: angalia kile kisanduku unachoandikia, pembeni kuna herufi mbili au jina la lugha. Nina hakika yako ni EN au English. Maana yake unaandika Kiswahili fasaha kuhusu kideri na ndui ya kuku huku seva inatangaza kwamba ni Kiingereza, na mtu aliyechagua kuona Kiswahili tu kwenye kurasa za umma hakupati, na yule asiyejua Kiswahili hapewi kitufe cha kutafsiri, hata pale seva yake inapokuwa nacho, kwa sababu mashine inaamini ameshaelewa. Bonyeza hapo, chagua Kiswahili, kimo kwenye orodha. Mimi niliandika miezi mitatu mizima hivo bila kujua, na inaniuma nikikumbuka baadhi ya posti zilizopotea hewani.

Nikwambie na hisia zangu za kukaa huku, maana umeuliza kama kuna watu kama sisi. Wiki za kwanza nilikuwa mnyonge, nafungua simu naifunga. Nilikuwa nimezoea namba, nimeonwa na wangapi, nimelaikiwa na wangapi, huku hata ile namba ya walioona posti haipo. Baadaye nikagundua naandika tofauti, unapewa herufi 500 kwa hiyo unamaliza sentensi zako, na kwa kuwa hakuna zawadi ya kuchokoza watu nikaacha ile tabia ya kuanza kila posti kwa ukali ili watu wasimame. Na watu wanajibu. Wachache, ila wanajibu kweli, aya nzima, mtu amekaa amefikiria. Kwenye ukurasa wangu wa zamani nilikuwa napata laiki mia nne na maoni ya "safi sana kaka", huku nikaweka posti ya namna ya kupanga waya kwenye jengo la ghorofa mbili nikajibiwa na fundi wa Mombasa, mwingine wa Muscat ambaye babu yake alikuwa Pemba, tukabishana siku mbili kwa heshima zote, na mwisho nikabadilisha kweli namna ninavyofanya kazi.

Kuna desturi za huku zitakukera mwanzoni. Mimi nilikuwa naweka picha za majahazi ya huku kwetu bila maelezo, mtu nisiyemjua akaniandikia kwamba niwe naelezea picha kwa maneno ili wasioona nao wapate. Nilikasirika, nikasema huyu ni nani wa kunifundisha adabu. Nikaanza kuelezea hata hivo, kwa shingo upande, na wiki iliyofuata mzee mmoja wa Mombasa asiyeona akaniandikia kuniuliza lile tanga la jahazi lilikuwa na viraka vingapi, kwa sababu nimeandika lina viraka na yeye utotoni baba yake alikuwa baharia, walikuwa wanajua chombo ni cha nani kwa viraka vyake. Nikarudi kwenye picha nikahesabu. Vilikuwa vitano. Tangu siku hiyo sijaweka picha bila maelezo, na wewe dada ukiweka picha ya kuku andika, jogoo mwekundu, mkia mweusi, amesimama juu ya pumba, hivo hivo.

Tuje kwenye hili la kwamba "haina bosi mmoja". Ni kweli, lakini usilipokee kama vile hakuna bosi. Una bosi, ni yule anayeendesha seva uliyojiunga, na ndo swali ambalo rafiki yako alitakiwa akujibu kabla hajakupa linki: huyo mtu ni nani, anapata wapi hela ya kulipia, ana msaidizi, akiugua nani anashika? Programu yenyewe ya Mastodon, ambayo Eugen Rochko wa Ujerumani aliitoa mwaka 2016, ni ya bure na mtu yeyote anaweza kuisimika, na uzuri wake na hatari yake vyote vimo humohumo. Mwaka 2023 seva ya mastodon.lol yenye watu kama 12,000 ilifungwa kwa sababu mwendeshaji alichoka na matusi na chuki, akatoa taarifa mapema watu wakahama. Shirika lenye jina kubwa kama Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, nao walifungua seva yao wakaja kuifunga Desemba 2024. Na kuna seva ya queer.af, ilikuwa inatumia domeni, yaani jina la anwani ya mtandaoni, ya nchi ya Afghanistan, Februari 2024 serikali ya Taliban ikaifuta hiyo domeni na seva ikatoweka kwa jina lake, hakuna cha taarifa ya mapema wala nini. Seva ya kwanza niliyojiunga mimi nayo ilifungwa, mwenyewe alikuwa kijana mmoja muungwana sana ambaye gharama zilimzidi, alitutangazia wiki sita kabla.

Kwa hiyo mwenye nyumba mchunguze. Zile seva zinazoorodheshwa kwenye ukurasa rasmi wa Mastodon zinaahidi mambo kadhaa, mojawapo ni kutoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga na jingine ni kuwepo zaidi ya mtu mmoja mwenye funguo. Soma pia kanuni zake, kama zipo za maana au wamebandika tu. Hilo la kanuni lina uzito kwako hata kama wewe ni mpole, kwa sababu seva inayofuga watukanaji inasusiwa na nyingine, wanaikata, hawapokei chochote kutoka kwake, na wapangaji wema humo ndani wanakatwa pamoja na waovu. Mwaka 2019 mtandao wa Gab, ambao watu wengi wanaujua kwa maneno yake ya chuki, ulihamia kwenye programu ya Mastodon, na seva nyingi mno zikaufungia milango palepale, baadhi ya apu za simu nazo zikaukataa. Sisi tunalijua hilo vizuri, mtu asiyehudhuria misiba ya wenzake na kazi yake kutukana majirani, siku yake ikifika anakuta turubai tupu. Ila hapa turubai ni la watu wengi, ndo maana nasisitiza uangalie nani mwenyewe.

Na kuondoka. Hapa ndo nilipoipenda Mastodon kwa dhati. Seva yangu ilipokuwa inafungwa nilifungua akaunti kwenye nyingine, nikaingia kwenye mipangilio ya ile mpya nikaiandikia anwani yangu ya zamani ili itambue kwamba mimi ni yuleyule, afu nikarudi kwenye ya zamani nikabonyeza kuhama nikaandika anwani mpya na nywila. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi wafuasi wangu walikuwa wanaingia mmoja mmoja kwenye akaunti mpya, wenyewe hawajabonyeza chochote, seva zao ndo zimeambizana. Mtu aliyewahi kufungiwa kama sisi ataelewa kwa nini nilikaa pale kwenye kiti nikaangalia tu. Orodha ya unaowafuata unaipakua kama faili la CSV, lile la jedwali, na kuipandisha kwenye seva mpya, hivohivo uliowablock na posti ulizohifadhi. Zisizohama ni posti zako mwenyewe, zinabaki kule, kwa hiyo omba nakala ya kumbukumbu zako, unaruhusiwa kila baada ya siku saba, uiweke kwenye flashi. Ukishahama unasubiri siku 30 ndo uruhusiwe kuhama tena. Na jambo la kushika sana: kuhama huko kunahitaji seva ya zamani iwe bado hai. Ikizimika ghafla hakuna wa kuwaambia wafuasi wako umeenda wapi. Hayo mafaili yapakue kila mwezi, weka alamu kwenye simu.

Wateja wako wakikuuliza bei inboksi, jibu, ila usiandike humo namba za siri wala mambo ya ndani ya familia. Ujumbe binafsi wa Mastodon haujafungwa kwa usimbaji wa kati ya mtu na mtu, mwendeshaji wa seva akitaka kuusoma anaweza, na wa seva ya unayemwandikia pia.

Utasikia pia habari za mtandao mwingine, Bluesky, iliyofunguliwa kwa kila mtu Februari 2024. Ni rahisi kuizoea, inafanana na Twitter ya zamani, na ina kitu kimoja nakitamani kiwe kila mahali, kwamba ukiwa na domeni yako mwenyewe jina lako linakuwa hiyo domeni na unahama nalo, kama ambavyo hapa Tanzania tangu Machi 2017 unahama mtandao wa simu na namba yako ileile. Lakini mpaka saivi watu karibu wote wako kwenye seva za kampuni moja, na wewe ulichonilalamikia ni kampuni moja. Kama marafiki zako wako kule nenda, sitakulaumu. Na mtu akikwambia mitandao ya namna hii haiwezi kufungwa na serikali usimwamini moja kwa moja. X, ndo ile Twitter, ilipozuiwa hapa Mei 2025 wa Mastodon tuliendelea, ila kila seva ni anwani na anwani inaweza kuzuiwa, na siku intaneti yenyewe ikizimwa sote tunakaa sawa.

Sasa ufanye nini. Ule ukurasa wenye watu 14,000 usiufunge, nakuomba. Wale watu wengi wanatumia bando la kifurushi cha mitandao ya kijamii, Mastodon haimo kwenye kifurushi hicho, kumwambia mama wa Kilolo mwenye kuku kumi aje huku ni kumwambia alipe zaidi akusome. Endelea nao kule. Nilichokiona kwa miaka hii ni kwamba mtu anayehama peke yake anarudi, wanaohama kijiwe kizima wanabaki. Wewe umehama peke yako, ndo kosa kubwa kuliko yote niliyotaja, na hata herufi za EN ni cha mtoto. Chagua watu kumi na tano, wale wanaokuuliza maswali ya maana kila mara, daktari wa mifugo unayemwamini, mwenye mashine ya kutotolesha, yule mchangamfu asiyekosa, waite kwenye grupu la WhatsApp uwaelekeze siku moja mjiunge pamoja, seva ileile au tofauti haijalishi, na mfuatane siku hiyohiyo. Sisi tulianza tisa. Saivi tuko arobaini na kitu, tuna seva yetu ndogo ya GoToSocial, programu nyingine inayoongea ActivityPub hiyohiyo, ambayo ni nyepesi kuliko Mastodon yenyewe, tunaikodishia mashine kwa kama elfu kumi na tano kwa mwezi, tunachanga, na funguo wanashika watu watatu, mmoja wao ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye alikuwa hajawahi kugusa seva maishani mwake na leo anaisasisha vizuri kuliko mimi.

Usiku wa leo badilisha lugha iwe Kiswahili, weka picha yako na sentensi mbili za wewe ni nani, andika posti ya utambulisho yenye #utambulisho na #kuku, uibandike juu ya ukurasa wako, alafu niandikie anwani yako kamili yenye @ mbili. Nitakufuata na nitakubusti kwa wenzangu wote. Na jiandae kidogo, mke wangu ana matetea wanne wamegoma kulalia mayai tangu mvua za vuli, amesema swali la kwanza ni lake.